Stika ya i7 na Pesa za Bumu

Kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa chuo hununuliwa kwa kikao. Baba hutoa pesa, mjomba hutoa ushauri, na mwanafunzi mwenyewe, ambaye ndiye atakayeandika programu, huachiwa kuchagua rangi ya begi. Mjomba ana neno moja tu la kitaalamu, "Core i7", na kikao hakifungwi mpaka lipite. Asiye na mjomba husubiri bumu, yaani pesa za mkopo wa chuo, liingie, kisha hushuka Kariakoo, Dar es Salaam, ambako winga, dalali wa mtaani, humpokea barabarani na kumhakikishia kwamba i7 ipo, tena imebaki moja.

Stika ya i7 haisemi uongo, ila haimalizi habari. Umri wa prosesa husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari. i7-2620M ni ya kizazi cha pili, ilitoka 2011 na ina viini viwili. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya 2017, ina viini vinne, na huiacha mbali ile i7 ya mjomba. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za cha saba. Na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye i7 ya 2011 amebaki na stika nzuri.

Kwa kuandika ripoti, RAM ya GB 4 hujikongoja. Kwa anayesoma programu, GB 8 ndiyo sakafu na 16 ndiyo raha, maana Android Studio ikishawashwa pamoja na simu yake ya kuigiza, huku kivinjari kimefungua kurasa ishirini (tatu za masomo), GB 4 huomba poo. Mwanafunzi hubonyeza kitufe cha kuendesha programu, huenda kusonga ugali, hula, huosha sufuria, na akirudi ile simu bado inawaka. Diski ya kuzunguka hubadilishwa kwa SSD na fundi mwenye bisibisi. RAM si hivyo kila mahali: kwenye mashine nyingi nyembamba, MacBook Air zikiwamo, imechomelewa kwenye bodi, na kilichonunuliwa siku ya kwanza ndicho cha kuhitimu nacho.

Zilizotumika ofisini, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, ndizo nafuu yenye akili: zina mwili mgumu na vipuri vyake vinapatikana. Kasoro ni kwamba huja na kibodi za kwao. Iliyotoka Ujerumani imeandikwa Z mahali pa Y, na mfumo ukishawekwa Kiingereza, anayefuata macho akitaka "yai" hupata "zai". Hilo linavumilika. Balaa ni nukta mkato, iliyojificha chini ya kitufe cha Ö, na mabano ya kupinda, ambayo bila hayo Java haiendi hatua, yako chini ya Ü na jirani yake +. Dawa ya dukani ni kubandika stika za herufi juu ya vitufe; kufika wiki ya mitihani, nusu yake zimehamia vidoleni.

Mashine za michezo zina nguvu kweli, lakini chaja peke yake ni mzigo, na feni ikianza kuvuma maktaba nzima hugeuka.

Betri ndipo ahadi zinapovunjika. "Inakaa saa sita" ni kauli ya winga. Amri ya powercfg /batteryreport ndiyo shahidi, kwa kuwa huonyesha uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uliobaki leo. Ukiwa umebaki chini ya nusu, mwenye mashine hatachagua tena pa kukaa darasani: atakaa palipo na soketi, ambapo kwa desturi ni nyuma kabisa, na ubao atausimuliwa.

Kabla ya kulipa, mashine izimwe na kuwashwa upya, iingizwe kwenye mipangilio ya BIOS kuona kama ofisi ya zamani iliacha nywila yake humo, na kila kitufe kibonyezwe. Muuzaji akikataa, pesa zirudi mfukoni. Kariakoo maduka ni mengi.