Samahani, Hujakidhi Vigezo

Jumatatu. Mteja wa kitanda ametanguliza nusu ya pesa, lakini mbao za mtiki za Longuza hazinunuliwi kwa nusu. Nikaomba mkopo kwenye simu. Jibu likarudi kabla sijaitua simu mezani: "Samahani, hujakidhi vigezo." Vigezo vyenyewe havikutajwa. Mkopo wa mwaka jana niliulipa kabla ya siku yake. Labda na hilo ni kosa.

Jumanne. Nimepiga huduma kwa wateja. Sauti ya dada iliyorekodiwa ikanikaribisha kwa bashasha: bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza sifuri kuzungumza na mhudumu. Nikabonyeza sifuri. Ukapigwa muziki mpaka chaji ikaisha. Wimbo si mbaya.

Jumatano. Nimetoka Nguvumali asubuhi kwenda ofisini kwao mjini. Mashine ya kutoa namba za foleni ilikuwa mbovu, hivyo mlinzi aligawa namba alizoziandika mwenyewe kwenye vipande vya boksi. Ndiye binadamu pekee niliyemwona akiamua jambo siku nzima.

Dirishani wakataka alama za vidole, kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi. Kidole hakikusoma. Useremala ni kazi ya msasa, na msasa hauchagui. "Futia kwenye suruali, mzee wangu, ujaribu kingine." Mashine ikavikataa kimoja kimoja, hadi kidole kidogo cha kushoto kilipokubali kunitambua. Nilikuwa sijawahi kukitegemea kwa lolote.

"Mfumo umekukataa, mzee wangu," akasema binti.
"Kwa sababu gani?"
"Mfumo unaamua wenyewe. Sisi huku tunaona majibu tu."
Akanigeuzia skrini. IMEKATALIWA, kwa herufi nyekundu. Tukalitazama neno hilo wote wawili. Tahajia ilikuwa sahihi.

Alhamisi. Mpwa wangu anayesoma sheria amekuja kula muhogo. "Mjomba, una haki zako," akasema, akanisomea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa kifungu cha 36, mtu anaweza kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usiachiwe mashine peke yake. Ukishatolewa hivyo, anatakiwa ajulishwe, na ana haki ya kutaka ufikiriwe upya. Akaongeza kwamba vighairi navyo vipo, akachukua kipande cha mwisho.

Ulaya nako wana kifungu cha 22 cha sheria yao ya taarifa binafsi, tangu Mei 2018. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri la Schufa, kampuni ya Ujerumani inayowapa watu alama za kukopesheka: benki ikiifuata alama hiyo kwa kiasi kikubwa, basi alama yenyewe ni uamuzi wa mashine. Kumbe hata Wajerumani wananyimwa. Nimelala vizuri.

Ijumaa. Nimeandika barua: "Kwa heshima na taadhima, naomba shauri langu litazamwe na mtu mwenye jina." Steshenari haikuwa na umeme, nikaandika kwa mkono. Karani wa mapokezi akasema muhuri uko kwa bosi, na bosi yuko semina. Semina ya huduma bora kwa mteja.

Jumamosi. Ujumbe umeingia: "Ndugu mteja, ombi lako limepokelewa. Tafadhali usijibu ujumbe huu." Sikujibu.

Nikaenda kwa muuza mbao. Akanitazama usoni, akauliza kitanda ni cha nani, akanikopesha nusu. Nusu ya pili akaninyima. "Mgosi, bado deni la misumari." Ni kweli. Nilibisha, akanipunguzia bei ya ubao mmoja. Mashine haibishiki.

Sidai mkopo wa huruma. Anayeninyima aninyime, ila aseme sababu na anisikilize nikijitetea. Nawe ukikataliwa na simu, usigombane na simu. Andika barua, taja kifungu cha 36, baki na nakala. Wakikaa kimya, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, na kupokea malalamiko ni sehemu ya kazi yake. Hakikisha tu nakala yako imegongwa muhuri.