Nazi Imegoma Singida

Mkoa wa Singida una mafuta yake na hauna haja ya kuazima ya mtu. Kando ya barabara kuu madumu ya alizeti yamepangwa kutwa yakisubiri wasafiri, na ukienda kumpa pole mgonjwa, utarudi na chupa ya alizeti uliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Katika mkoa wa namna hiyo, mwanamke anayeagiza mafuta kutoka pwani huonekana ana maringo.

Sina maringo, nina shangazi. Yuko Tanga, na hajakubali hata leo kwamba mtoto aliyezaliwa naye mtaa mmoja anaweza kuolewa Unyaturu akaishi bila nazi. Anaketi kwenye mbuzi anakuna mwenyewe, anakamua tui zito, analichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge. Kisha anayachuja kwa kitambaa safi, anayatia kwenye chupa ya maji ya kunywa na kumkabidhi kondakta kwa maneno makali. Chupa ile ina mdomo mwembamba, na balaa lote limeanzia hapo.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hata Tanga, alfajiri za Julai, huweza kufanya ukungu kidogo, lakini jua likipanda yanarudiwa na fahamu. Singida mjini tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi inaweza kufika karibu nyuzi 15, tena kwa upepo unaopekua hadi mifukoni. Chupa inaingia stendi jioni ikichezacheza. Asubuhi ndani yake kuna mshumaa. Haumwagiki wala hauchoteki. Nimeuchokonoa kwa mpini wa kijiko, kwa njiti ya ufagio, kwa sindano ya kushonea magunia. Nimelala nao kwapani. Baba Zuhura, mtu mpole sana, alipapasa gizani akaigusa ile chupa, akakaa kimya muda, kisha akauliza kama kuna jambo la kifamilia anapaswa kuambiwa.

Nikahamishia mafuta kwenye kopo la mdomo mpana. Nikayayeyusha, nikatia karafuu za nywele, nikaliweka kopo jikoni karibu na joto la jiko. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ilongero kututembelea. Mtu wa Singida akikuta jikoni kopo lenye kitu cheupe kilichoganda, hahitaji maelezo: hiyo ni samli. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameshapika mlenda na ugali wa uwele, na familia imeshanawa mikono.

Tulikula. Hakuna aliyesema kitu mpaka tonge la tatu.

“Mama Zuhura,” akasema, “samli yenu ya mjini hii, ng’ombe wake anakula nini?”

“Mama, hayo ni ya kichwani.”

Akalitazama tonge, akanitazama nywele, akachovya tena. Alisema chakula hakitupwi, na kwamba yeye kichwa chake hakijawahi kupata mba kwa sababu ya nyonyo, si kwa vitu vya kununuliwa.

Lakini lililovunja rekodi ni la wifi yangu. Alikuwa anaolewa Julai, na mtu alimsimulia kwamba maharusi wa pwani hufanyiwa singo. Mwanamke wa pwani aliyeolewa karibu ni mmoja tu, ambaye ni mimi. Nikatwanga liwa, nikasaga mchele, nikatia karafuu na marashi, nikayeyusha nazi ya shangazi, na bibi harusi akaketishwa uani kwenye mkeka.

Pwani singo hufanyika chumbani, mlango umefungwa, joto la kutosha kuchemsha yai. Sisi tulikuwa nje kwa sababu chumbani wageni walikuwa wamejaza magunia ya vitunguu. Kwanza ulikuja upepo na vumbi lake lote, likatua juu ya mafuta na halikuondoka. Kisha wakaja kuku. Hawa ndio kuku wa Singida wanaosifiwa hadi Dar es Salaam, na sifa yao mojawapo ni kutoogopa watu: waliuona mchele uliosagwa kwenye miguu ya bibi harusi wakaanza kazi. Wifi akaruka, akakimbilia bafuni, akajimwagia ndoo ya maji yaliyolala nje.

Hapo nazi ikaganda juu ya mtu. Mabaka meupe kuanzia mabegani hadi vifundoni, na katikati yake vumbi jekundu. Mashangazi wa upande wa pili wakawa wanapokezana masufuria ya maji ya moto huku wakinisema kwa Kinyaturu, na nilifurahi kutoelewa yote. Yale mafuta yaliyotoka kwa maji ya moto yakateremka kwenye bomba la maji machafu, yakakuta bomba ni la baridi, yakalala humo. Fundi aliyeitwa alivuta waya, akanusa ncha yake, akauliza: “Samahani, hapa mmekaanga pilau?”

Pamoja na hayo, siachi nazi. Upepo wa huku unafyonza unyevu wa ngozi, na mafuta hayaongezi maji mwilini. Yanayazuia tu yasitoroke, kwa hiyo unajipaka ukitoka kuoga, mwili ungali na maji. Magaga ya Baba Zuhura yamekwisha kwa njia hiyo, ingawa kwa wiki kadhaa alikuwa akipiga hatua, ndala inabaki nyuma. Usoni sipaki tena, kwa sababu nazi huziba vinyweleo, na Zuhura alivuna chunusi muhula mzima.

Na kwenye sabuni haina mpinzani. Visima vingi vya huku maji yake ni ya chumvi, sabuni za kawaida zinakunja uso tu. Sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Kosa lake ni kukausha ngozi ikiwa tupu, ndiyo maana jirani yangu mtengeneza sabuni huipunguza kwa alizeti.

Kwake ndiko nilikopata dawa ya kopo langu. Pwani watu huongeza nta ili mafuta ya kujipaka yasiyeyuke. Singida unaongeza alizeti, ambayo hata baridi ya Julai haiigandishi. Nazi kwa alizeti, nusu kwa nusu, na kidole kinazama bila shida.

Nilimpigia shangazi kumpa habari njema.

“Umeichanganya nazi yangu na mafuta ya kukaangia maandazi?”

“Yanalainisha, shangazi.”

Kimya kirefu. Kisha akasema hatatuma tena chupa hata moja mpaka aone kwanza kuku wawili wa kienyeji, majogoo, na kondakta aambiwe asiwapange karibu na injini.