Muulize Shangazi wa Bajeti: Mbuzi Watatu na Gharama Zao

Barua za msimu huu zimetoka kila pembe ya Ukambani, kuanzia Mtito Andei hadi Kyuso, na hata Nairobi, na nyingi zinalia kilio kimoja: pesa za harusi ziliisha kabla ya harusi. Shangazi amezisoma zote, kalamu nyekundu mkononi. Anayetaka kubembelezwa amwandikie mama yake.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu hapa Wote. Bajeti yangu ya ntheo, yaani mbuzi wa posa, ilikuwa fupi na safi: mbuzi watatu, basi. Nimerudi nyumbani nikiwa nimetumia mara nne ya bei ya mbuzi hao, na naambiwa hapo nilibisha hodi tu. Je, nimeibiwa?
*Mwalimu wa Hisabati, Wote*

Marahaba, mwalimu. Hujaibiwa. Ulihesabu mbuzi, ukawasahau watu.

Tuanze na mbuzi wenyewe. Ulipofika, mzee mmoja alimshika wa kwanza masikio, akamfungua mdomo, akamtazama macho. Mwenye kilema hurudishwa, na wa kubadilisha hununuliwa papo hapo kijijini, kwa bei ya mtu ambaye amekwisha kuonekana amevaa suti. Tena kama uliwanunua Kitui ukawavusha hadi Makueni, sheria inataka kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo. Usipokuwa nacho, kwenye kizuizi cha barabarani utaulizwa swali ambalo jibu lake halina risiti.

Halafu kuna geti. Akina mama wamelifunga kwa leso, wanaimba, na hakuna hata mmoja anayeliona gari lenu. Noti ya mia mbili inapokelewa na wimbo unaendelea. Ya mia tano inapokelewa, wimbo unapanda. Ya elfu moja inapokelewa, na geti linafunguka kiasi cha kupita mtu mmoja mwembamba asiye na mizigo. Wewe una wazee wanane, magunia mawili na mbuzi.

Ndani kuna blanketi ya mama, shuka la baba, sukari, majani ya chai, mchele, mafuta na kreti za soda. Kuna susu, yaani bibi, aliyeketi pembeni kimya, naye kimya chake kina bei. Na kuna nauli ya wazee wako mwenyewe, ambao siku hiyo magoti yao hayawezi kabisa kupanda matatu.

Ni kweli pia ulibisha hodi tu, maana ngasya, yaani mahari yenyewe, bado haijazungumzwa. Lakini usiidharau hodi hiyo. Kwa wazee wa Ukambani, pasipo ntheo hapana ndoa, na hata mahakama zinapotakiwa kuamua kama fulani alikuwa mke kwa mila ya Wakamba, ntheo ndiyo huulizwa.

Kosa lako ni hili: haya yote uliyajua. Umehudhuria ntheo za wenzako, umekula pilau yao, umeona geti likifungwa. Ila kuyaandika kwenye karatasi uliona ni ubahili. Safari ya pili, mtume mshenga wiki mbili kabla aulize bila haya: akina mama wa getini ni wangapi, wageni wa ndani ni wangapi, na nani lazima apewe kitu mkononi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa bila mpango huishia getini.

Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Kwenye kundi la WhatsApp tuna ahadi za Sh480,000. Kwenye simu nina Sh61,500. Zimebaki wiki tatu. Mwenyekiti ananiambia nitulie, ahadi ni deni.
*Mwenye Simu, Kitui mjini*

Mwambie mwenyekiti amesema kweli, na akumbuke pia jinsi watu wanavyolipa madeni.

Naijua orodha yenu. Jina, kiasi, na alama ya mikono iliyofumbatana kwa sala. Kila anayeahidi huinakili orodha nzima na kuiongezea jina lake chini, ili waliotangulia waone amewapita. Pesa hizo ni za heshima. Zimeshafanya kazi yake siku zilipoandikwa. Wewe panga harusi kwa kilichoingia kwenye simu. Ahadi zikitimia, ongeza keki.

Sasa angalia mahali ambapo hata kile kidogo kinavuja. Kamati yenu ina watu 15 na inakutana hotelini. Kila mmoja akinywa chai na chapati, kisha soda ya kufungia kikao, tuseme ni Sh250. Kikao kimoja ni Sh3,750. Vikao kumi ni Sh37,500, zaidi ya nusu ya hazina yako, na bi harusi hajanunuliwa hata kiatu. Hamishieni vikao nyumbani kwa mwenyekiti. Vitapungua vyenyewe, kwa amri ya mke wake.

Pili, nijibu kwa ukweli: laini unayopokelea michango ina deni la Fuliza? Kama lipo, basi kila shilingi inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Mchango wa mjomba wa bwana harusi, uliotumwa kwa machozi ya furaha kutoka Kibwezi, umelipia unga ulioukopa Jumanne. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na ada za kutuma na kutoa pesa ziandikwe kama gharama. Zikikusanywa mwezi mzima, hutosha kumlipa mtu mmoja wa jikoni.

Mwisho, mwanakamati mmoja atakohoa na kusema, "Tukope tu, zawadi zitalipa." Mtazame usoni umkumbushe wahenga: kukopa harusi, kulipa matanga. Zawadi za kwetu ni blanketi, sufuria, mbuzi na tangi la maji. Mwenye hema hapokei sufuria.

Shangazi, tunabishana nyumbani. Mchumba wangu anataka harusi ya Agosti kwa sababu hakuna mvua. Mimi nataka Desemba, ndugu wote wakiwa likizoni. Ni mwezi gani wenye gharama ndogo?
*Bi Harusi Mtarajiwa, Mwingi*

Binti yangu, kila mwezi una mtego wake.

Agosti mtego ni maji. Kwenye bajeti nyingi naona hema, viti, spika, mapambo, hadi ndege ya kupiga picha angani, lakini maji sijayaona. Hesabu nami. Wageni 300, lita kumi kwa kila mmoja za kupikia, kunywa, kunawa na kuoshea vyombo: hizo ni lita 3,000, sawa na mitungi 150 ya lita 20. Punda hubeba minne. Hizo ni safari 38 za punda, kwenye mto mkavu ambako maji huchotwa kwa kufukua mchanga, na foleni yake haijui kama una harusi. Kama utaagiza lori la maji, liagize mapema, likupe na lita za akiba, kwa sababu majirani nao watakuja harusini na ndoo.

Desemba mtego ni watu na mvua. Watu wa Nairobi na Mombasa wamerudi na pesa za Krismasi, kila boma linachinja, na mbuzi wa Oktoba si mbuzi wa Desemba kwa bei. Mwenye basi, mwenye hema na mpigapicha wana harusi nne Jumamosi hiyo hiyo, kwa hiyo anayechelewa kulipa malipo ya kwanza huachwa.

Na mvua sitaki kuifanyia mzaha. Novemba na Desemba ndio msimu tunaoutegemea mashambani, na ndio msimu mito yetu ya mchanga inapofufuka kwa saa moja. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya wa Mwingi kwenda harusini Nuu lilisombwa na Mto Enziu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tangu siku hiyo, harusi yoyote ya Desemba nikiipitia huuliza swali moja kabla ya keki na gauni: pesa ya kungoja iko wapi? Weka fungu la basi kulala, la chakula cha jioni cha watu waliokwama, na la mchungaji au padri kurudi kesho yake. Sherehe ikichelewa siku moja hakuna atakayekufa. Na mwambie msimamizi wa ratiba kwamba dereva akisema havuki, neno lake ni la mwisho.

Ukitaka jibu langu: olewa Agosti, nunua maji.

Dada, mimi ni baba wa bi harusi. Nimeishi na mke wangu miaka 27 na watoto watano. Wakwe wanakuja mwezi ujao na mbuzi wa ntheo ya binti yetu. Sasa shemeji zangu wanasema siwezi kuwapokea, eti sijawahi kutoa wa mama yake. Nina aibu hata ya kuandika.
*Baba Mzazi, Mbooni*

Aibu yako naielewa, ndugu yangu, lakini pia nastaajabu. Deni la miaka 27 lisilo na riba! Hakuna SACCO itakayokupa hilo.

Shemeji zako wana hoja. Wazee wengi wa kwetu hushikilia kwamba asiyetoa hawezi kupokea. Na wamenyamaza miaka yote hiyo kwa kujua vizuri siku gani itakuwa na uzito. Siku yenyewe ni hii.

Lipa, tena lipa mapema. Asubuhi ya siku ya wageni bei ya amani hupanda kila dakika. Nenda kwa wakwe zako wiki mbili kabla, na wazee wachache, mbuzi watatu na kitu cha mama mkwe. Kama yu hai, mshukuru Mungu na umpe blanketi nzito. Na lile wazo ulilolifikiria usiku, la kusubiri mbuzi wa mkwe wako waingie kwa mlango wa mbele kisha watoke kwa mlango wa nyuma kwenda kulipa deni lako, liache. Kijiji kizima kitawatambua mbuzi wale kwa rangi.

Kuna faida pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya serikali, ya Kihindu na ya Kiislamu. Pale mahari inapohitajika kuithibitisha, sehemu ndogo tu iliyolipwa inatosha. Sheria hiyo inataka wenzi wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila. Mkikamilisha zenu, fuatilieni cheti. Siku mmoja wenu atakapoondoka na mabishano ya shamba yaanze, karatasi hiyo itamkinga aliyebaki. Lakini usiende kumsomea mzee kifungu cha sheria getini, ukidhani atakupunguzia mbuzi mmoja.

Shangazi, sisi tunaishi Nairobi na tumechoka kusikia habari za kamati. Tunaenda kwa msajili wa ndoa, mashahidi wawili, picha tatu, chakula cha mchana, kwisha. Hapo kuna gharama iliyojificha?
*Wawili Wenye Akili, Nairobi*

Kwa serikali, hakuna. Mtatoa notisi ya siku 21, ada mtaziona kwenye eCitizen, vitambulisho na mashahidi wawili mnao. Mtatoka pale mume na mke halali, bila deni la hema.

Gharama iko Kathonzweni. Huko kuna mama atakayeiona ndoa ya mwanawe kwenye simu ya jirani. Hiyo hamtailipa kwa mkupuo. Mtailipa kila Krismasi, kwa mafungu, hadi mjukuu wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya siku ile, nendeni nyumbani wikendi moja na hao mbuzi watatu. Mle muthokoi, wazee wasalimiwe, mama apewe blanketi yake. Baada ya hapo msajili ni wenu, na hakuna mtu atakayewanunia.

Kauli ya Shangazi

Katika barua zote hizi sijaona gharama hata moja ambayo mwenyeji wa Kitui au Makueni haijui. Geti linajulikana, maji yanajulikana, mvua inajulikana, shemeji mwenye kinyongo ndiye anayejulikana kuliko wote. Tunaogopa kuyataja kwa sababu anayetaja pesa mbele ya mapenzi huonekana bahili. Afadhali uitwe bahili mwezi mmoja kabla ya harusi kuliko kusakwa na mwenye viti mwezi mmoja baadaye.

Basi kabla ya kuchapisha kadi, kaeni wawili na karatasi moja. Upande wa kwanza andikeni vitu. Upande wa pili andikeni majina ya watu wote watakaosema "na mimi je?", na kiasi cha kila mmoja. Kisha mpigieni baba mkwe mumuulize anakuja na wageni wangapi. Idadi atakayowapa, ongezeni theluthi moja, na msimwambie.