Sifuri Iliyohama

Watu wa Kambove si wepesi wa kushangazwa na mtambo. Mji wetu, ulio kiasi cha kilomita 25 kutoka Likasi, ni wa nchi iliyosifika tangu zama za wayeyusha shaba waliokuwa wakisubu misalaba iliyotumika kama fedha. Mwaka 1899 akaja Mwingereza George Grey kuvichungua vilima vyetu, yule ambaye, baada ya kupita salama katika pori la Katanga, aliuawa na simba mwaka 1911 katika nchi iitwayo sasa Kenya. Mwaka 1906 ikaasisiwa kampuni ya madini ya Union Minière, mwaka 1913 reli ikafika, na tangu hapo mtoto wa Kambove huzaliwa, husoma, huoa na huzikwa huku chuma kikisagwa mahali fulani karibu naye. Kwa hivyo ilipovuma habari kwamba karakana ninamoshika daftari la stoo italetewa msumeno wa ukanda wa kukatia chuma, hapana aliyeacha chakula chake kuja kuutazama. Kilichowatoa watu majumbani ni ile nyongeza ya habari, kwamba msumeno huo hujiendesha: huvuta wenyewe nondo nene ya chuma, huibana katika jiriwa, huikata, huhesabu, kisha huivuta tena, pasipo mkono wa mwanadamu, maadamu umekwisha kuelezwa urefu na idadi. Vijana waliyapokea maneno hayo kwa furaha ya watu walioambiwa kwamba mshahara utaendelea na kazi itakoma.

Mimi sikuwa mwendeshaji wake, wala sikutamani kuwa. Kazi yangu ni kupokea, kuandika na kutoa. Lakini kwa kuwa kitabu cha maelekezo kilikuja kwa Kifaransa na Kiitaliano, na kwa kuwa kabati la stoo ndilo pekee lifungikalo kweli, kitabu kiliwekwa kwangu, nami nikakisoma chote katika siku za mvua, nikawa mtu wa pekee katika karakana aliyejua yote yaliyokatazwa, na asiyekuwa na mamlaka ya kumkataza mtu lolote.

Katazo la kwanza lilihusu mavazi. Mikono ya shati ifungwe, nywele zifunikwe, pete na mikufu ivuliwe, na tai isivaliwe kabisa karibu na ukanda unaokimbia. Nililitafakari siku ya uzinduzi, nikimtazama mkubwa wa karakana akiinama juu ya mtambo katika tai ndefu nyekundu aliyoinunua Lubumbashi kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Tuna muzee mmoja, fundi aliyestaafu kutoka karakana kuu za Panda kule Likasi, ambaye huja kwetu kwa kibarua na kwa ajili ya kutusahihisha; huyo alimkaribia mkubwa, akaishika ile tai kwa adabu zote, akamtumbukizia ndani ya shati baina ya kifungo cha pili na cha tatu, akasema, “Mukubwa, ile masini haijue cheo.” Picha rasmi ya uzinduzi inamwonyesha mkubwa akitabasamu, kifua kimevimba upande mmoja.

Ukanda wenyewe ulikuja ndani ya boksi jembamba, umekunjwa vitanzi vitatu na kufungwa kwa waya. Ni kipande cha chuma chenye urefu wa mita nne na ushei, upana wa milimita 34 na unene wa milimita 1.1, mgongo wake ni chuma laini kinachokubali kupindwa, na makali ya meno yake ni chuma kingine kigumu kilichochomelewa juu ya ule mgongo, na shauku yake yote, tangu kiwandani, ni kurudi kuwa duara kubwa. Kitabu kinaagiza kwamba anayeufungua avae glavu nene na miwani ya kukinga macho, aushike mbali na mwili, na watu wengine wote wakae kando. Kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo aliuweka juu ya meza ya chai, akaukata waya kwa koleo, mikono mitupu. Ukajifungua kwa mlio mmoja, ukapangusa juu ya meza kikombe, redio na kalenda ya mwaka jana, ukasimama sakafuni ukitetemeka, ilhali karakana nzima imekwisha hamia uani. Alhamdulillahi, hapana aliyedhurika ghairi ya kikombe.

Mintarafu ya glavu, iko siri moja inayowachanganya wengi. Ukishika ukanda uliosimama, vaa. Ukanda ukianza kukimbia, vua, maana jino likinasa uzi wa glavu halitauachia mpaka limepata na kidole. Kijana wetu aliyahifadhi maneno haya barabara, ila aliyahifadhi kwa kinyume, hata ikawa desturi yake kuushika ukanda kwa mikono mitupu na kisha kuvaa glavu kwa taadhima kila anapokwenda kubonyeza kitufe cha kuwasha. Ilimchukua muzee muda mrefu kumgeuza.

Ukanda ukavishwa juu ya magurudumu mawili, ukakazwa, viongozi vyake vikasogezwa karibu na nondo kama ipasavyo, maana vikiachwa mbali ukanda hucheza na mkato huenda upande. Mtambo ukawashwa. Ukanda ukapita juu ya chuma, ukatoa moshi, ukatoa mlio wa kutia ganzi meno ya wasikilizaji, na baada ya juhudi hiyo yote ukaacha juu ya chuma mstari mzuri unaong'aa, usio na kina cha kuingia ukucha. Baraza likafanyika papo hapo. Mmoja akasema chuma hiki ni kigumu kupita kiasi. Wa pili akasema ukanda ni bandia. Wa tatu, mtu mcha Mungu, akasema mtambo haukuombewa. Muzee, aliyekuwa amekaa juu ya pipa akimenya karanga, akauliza tu, “Meno iko natazama wapi?”

Yalikuwa yakitazama yalikotoka. Ukanda unapojifungua kwa pupa huweza kujigeuza ndani nje, na hapo meno huelekea kinyume cha mwendo, ukawa unasugua badala ya kukata. Dawa yake ni moja, nayo ni kuupindua, yaani watu wawili wenye glavu wausokote mpaka tumbo lake liwe mgongo. Lakini dawa hii haimjii mtu kwa akili ya kawaida. Wakaugeuza juu chini, meno yakaangalia ukuta. Wakaurudisha, yakaangalia tena yalikotoka. Wakautoa nje kwenye mwanga, pengine wakidhani kwamba giza ndilo linaloyapoteza, wakautembeza uani huku kila mmoja ameshika upande wake, wakazunguka, wakapishana, na walipourudisha ndani meno yalikuwa yanaangalia ukuta kwa mara nyingine. Mwishowe muzee akashuka kwenye pipa, akaushika sehemu mbili, akausokota kwa viganja vyote viwili, ukageuka kwa mlio mdogo, naye akarudi kwenye karanga zake bila ya kumtazama mtu usoni. Nadhani huo ndio ukarimu mkubwa kuliko wote niliopata kuuona katika karakana ile.

Ukanda mpya, fauka ya hayo, hutaka kuzoeshwa: uende kwa mwendo wake wa kawaida, ila shinikizo la kuushusha juu ya chuma lipunguzwe hadi nusu au chini yake katika mikato ya kwanza, mpaka ncha za meno zipoteze ule ukali wa kupindukia unaozifanya zivunjike. Anayetaka kujua kama amepatia hana haja ya kipimo chochote. Na atazame kinachoanguka chini ya mtambo. Kikiwa ni unga, msumeno unasugua tu. Yakiwa ni mapande manene ya rangi ya buluu, umelazimishwa. Na vikiwa ni vishungi vyeupe, vya vuguvugu, vilivyojikunja kama nywele za mtoto mchanga, basi mwache fundi aendelee na usimsemeshe.

Kwenye maji ya kupozea tulipata msiba mdogo wa kando. Maji hayo hupatikana kwa kumimina mafuta maalumu ndani ya maji, wala si maji ndani ya mafuta, kiasi cha sehemu tano hadi kumi katika mia, na mchanganyiko ukifaulu huwa mweupe pepepe. Mlinzi wa usiku, aliyekuwa amevumilia chai ya rangi tangu aajiriwe, aliukuta ndoo nzima umefunikwa vizuri, akashukuru, akajitilia. Hakuzungumza na mafundi kwa muda, akiamini kwamba ilikuwa njama. Tangu hapo limebandikwa tangazo juu ya pipa, SI MAZIWA, na tangu libandikwe kila mgeni anayeingia huuliza maziwa yanawekwa wapi.

Umeme wa nchi hii hutoka mitoni. Bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira lilianza kazi mwaka 1930, na mengine yakafuata juu ya Lualaba. Lakini baina ya maporomoko na karakana mna waya nyingi, na waya hukatika. Siku moja, baada ya fundi kuziunga upya waya za karakana, mtambo uliwashwa ukakataa amri zote: jiriwa haibani, kichwa hakinyanyuki, ukanda unakimbia kurudi ulikotoka. Kumbe waya mbili kati ya zile tatu zilibadilishana mahali, na hilo peke yake hutosha kuigeuza mota ya namna hii izunguke kinyume, na pampu ya mafuta pamoja nayo. Mshale umechorwa juu ya kifuniko cha mtambo kwa ajili ya jambo hilo hilo. Ulikuwa umefunikwa kwa picha ya timu ya mpira.

Jamaa nao hawakukosekana. Mji ukipata msumeno, kila mwenye chuma nyumbani hukumbuka undugu. Alikuja shemeji wa mmoja wetu na kipande cha taya la kinu cha kuvunjia mawe, kizito, akiomba kikatwe mara mbili tu, kama sadaka. Sasa mataya hayo aghalabu husubiwa kwa chuma cha manganizi, aina aliyoivumbua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, ambayo tabia yake ni kwamba kadiri unavyoipiga na kuisugua ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Msumeno ulianza vizuri. Kisha ukanda ukawa kipara, meno yote yakiwa chini pamoja na vishungi, na shemeji akarudi na taya lake zima, akilalamika kwamba siku hizi hakuna tena mafundi.

Iko kanuni moja ya kitabu ambayo tuliishika kwa uaminifu usio na doa. Anayetia mikono ndani ya mtambo huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake yeye, si kwa mkubwa wala kwa karani, ili asije mtu akawasha ilhali mwenzake bado yumo. Fundi wetu alifunga, akabadilisha ukanda, akaletewa habari ya msiba, akaondoka kwenda matangani Likasi, na ufunguo ukaenda naye kulia. Mkubwa akataka kufuli livunjwe kwa patasi. Muzee akasimama mbele ya swichi, akakataa, mpaka matanga yalipoisha. Na nakiri kwamba katika siku zile mtambo wetu ulikuwa salama kuliko mitambo yote ya Katanga.

Nije kwenye ile sifuri. Agizo lilikuwa la vyuma 14 vya kutia ndani ya vibiringishi vya mkanda wa kubebea mawe, kila kimoja milimita 400, kutoka nondo moja ya mita sita yenye kipenyo cha milimita 60. Kijana akasimama mbele ya kibao cha namba, akaandika urefu 40 na idadi 140. Sifuri moja ilikuwa imehama kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili, na mtambo, ambao hauna mazoea ya kuuliza, ukapokea. Kijana akatazama mkato wa kwanza ukianza, akaona mambo yote yanakwenda kwa amani, akaenda kula bukari. Na baada ya bukari ukaja munkoyo, na munkoyo haunywewi kwa haraka. Kila baada ya dakika moja hivi kikasikika kishindo kidogo cha kitu kudondoka sandukuni, kwa utaratibu usiobadilika, hata mkubwa, aliyekuwa ofisini na mgeni wa heshima, akainua kidole akasema, “Sikiliza jinsi vijana wangu wanavyochapa kazi.”

Alasiri sanduku lilikuwa na visahani 140 vya chuma, vimekatwa kwa unyofu ambao hata muzee aliusifu. Kijana alijitetea kwa hesabu. Mara 14 kwa 400 ni 5,600, alisema. Mara 140 kwa 40 ni 5,600. Chuma chote kipo, hakuna kilichopotea. Mkubwa akanigeukia mimi kwa macho ya mtu anayetafuta faraja, nami ikanibidi kumweleza kwamba kila mkato hula milimita moja na nusu, kwa hivyo mikato 14 ingekula 21 na hii 140 imekula 210, ambazo sasa ni vishungi. Lakini akaniambia kwamba hilo halikuwa swali lake.

Kazi ya kuviandika ikabaki kwangu. Daftari lina safu ya nondo, safu ya vipuri na safu ya mabaki, na visahani havikuwa kimojawapo. Vingine vikazuia milango isipigwe na upepo, kadhaa vikaenda chini ya miguu ya meza, kimoja kikawa cha kukalisha karatasi za mkubwa, na vilivyobaki nikaviandika katika samani. Habari ikatoka nje, na baada ya siku chache akaja muuza nyama wa sokoni, mtu mpole, akachukua kisahani kimoja, akakipima mkononi kwa muda mrefu, akasema angependa kununua viwili. Nilimpa hesabu ya kweli, kwamba kila kimoja kina uzito wa gramu 888 hivi, kwa hiyo kama shabaha yake ni mawe ya mizani, kimepungukiwa na gramu 112 kufika kilo. Akanijibu kwa upole ule ule kwamba hilo ndilo lililomleta.