Kibao Kimegeuka

Mtalii anayepita Karatu kwenda Ngorongoro hana haja na kitu kipya. Wenye hoteli wamelijua hilo siku nyingi. Langoni wanatundika kibao cha mbao iliyopinda, mapokezi wanaweka meza iliyotokana na mlango wa zizi, na chumbani kitanda kina nyufa ambazo mimi nikiziona kwangu ninaita fundi. Huku mtaani mambo ni kinyume. Mwenye nyumba akipata hela kidogo anang'oa madirisha ya mbao anaweka ya alumini, dari anaiweka jipsamu, na mlango aliouacha babu yake unaishia jikoni kuchemsha makande. Mbao chakavu ya Karatu, kama haikuwahi kuungua, inatoka kwetu bure na kwenda kulaliwa na wageni kwa dola.

Mke wangu alikiona kibao cha namna hiyo alipokwenda kwenye harusi iliyofanyika katika bustani ya hoteli moja upande wa Rhotia. Kilikuwa kimeandikwa KARIBUNI kwa herufi nyeupe, kikining'inia kwa mnyororo. Aliporudi akasema na sisi tuweke kimoja getini. Nikaulizia bei kwa anayevitengeneza, na aliponitajia nikamshukuru kwa muda wake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tena nilisoma enzi ambazo mtoto alirudi kutoka shuleni na kigoda alichokichonga mwenyewe. Kibao kinishinde?

Mbao nilizipata kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda cha chipsi kando ya barabara kuu. Kibanda kilikuwa kimepigwa X. Kwa msomaji wa nje ya Tanzania nieleze kidogo: jengo lililomo ndani ya hifadhi ya barabara hupigwa alama hiyo kwa rangi, kubwa, ukutani au mlangoni, mwenye nalo ajiandae. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 45 hadi 60, na alama hizo zikaja kwa rangi mbili. X ya kijani ni ya aliyefuatwa na barabara. Huyo ana fidia. X nyekundu ni ya aliyeifuata barabara. Huyo ana muda wa kuhamisha masufuria. Ya yule mama ilikuwa nyekundu, naye hakungoja tingatinga. Alibomoa mwenyewe, mabati akayauza asubuhi, na jioni mimi nikaubeba mlango begani. Ulikuwa wa msaiprasi safi. Ukiukwangua kidogo unaisikia harufu ya mti, ukishavuka ile ya mafuta ya chipsi.

Fundi seremala mwenye mashine ya kuranda alizigeuzageuza zile mbao, akazipapasa kwa kiganja, akanirudishia. "Mwalimu, humu mna misumari iliyokatikia ndani. Kisu cha mashine kikigonga mmoja tu, mimi wiki hii silishi watoto. Nakuazima randa, karande kwa mkono." Nikaranda kwa mkono, na randa yake ikathibitisha kuwa alisema kweli.

Kilichonikosesha raha zaidi ni bungua. Kila nikigonga mbao, unga laini unamwagika kutoka kwenye vitundu. Shemeji yangu, ambaye huendesha watalii na kwa hiyo anajua dawa ya kila kitu, akasema bungua dawa yake ni oili chafu. Akaniletea galoni kutoka gereji. Siwezi kumlaumu, kwa sababu ushauri ulikuwa mzuri: nguzo za uzio wilaya nzima hupakwa oili chafu, na mchwa huzipita mbali. Ila hakuna mtu anayeipaka nguzo ya uzio rangi nyeupe juu yake. Oili ya injini imetengenezwa isikauke. Inajificha ndani ya mbao, na rangi ikija inaelea juu, haina pa kushika. Nilipaka, nikangoja. Nikaianika juani, nikangoja. Rangi ilibaki mbichi hata majirani wakaanza kuuliza inaendeleaje, kwa sauti ileile ya kuulizia mgonjwa.

Na ulikuwa mwezi wa Agosti. Anayeijua Karatu anajua upepo wa Agosti unavyobeba ule udongo mwekundu, na kila gari la watalii linaloingia barabara za ndani linaongeza wa kwake. Herufi nyeupe zikageuka nyekundu bila mimi kushika brashi. Herufi zenyewe, kusema kweli, zilikuwa na mambo yao. K ilianza kwa nafasi na heshima zote, A na R zikakaa vizuri, lakini N na I zilibanwa ukingoni kama abiria wa mwisho kwenye Noah.

Kisha kuku wakapita. Si mmoja, ni mama na vifaranga wake, kwa mwendo wa taratibu, kutoka pembe hii hadi ile.

"Umeona walichokifanya?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia asishike kitambaa kwanza, tukae tuzungumze. Nikamkumbusha Laetoli, huko huko Ngorongoro, kusini mwa Oldupai. Miaka milioni 3 na laki 6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, wanyama na viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi wakapita juu yake, majivu yakagandamana, na mengine yakaja kuyafunika. Leo dunia nzima inazitambua nyayo zile. Na zilipatikanaje? Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa wageni wa Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akajikuta chini, na pale pale mbele ya macho yake pana nyayo za wanyama zilizogeuka jiwe. Zile za miguu miwili zikaonekana mwaka 1978. Sasa ikiwa watu wazima wenye shahada walianzia kwenye mavi ya tembo, kuku wetu wana kosa gani?

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na walipomaliza kuziangalia hizo nyayo walizifanya nini?"

"Walizifunika tena kwa udongo na mawe, zisiharibike."

"Basi na wewe funika."

Sikufunika. Nilikitundika kibao juu ya geti, kwa mnyororo mmoja uliofungwa katikati, kama alivyouona mwenyewe kule harusini. Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi. Zile mbao nilikuwa nimezipanga kwa mpangilio wake wa mlangoni, ili misumari irudi kwenye matundu yake ya zamani na mbao zisipasuke. Ni busara ya kawaida. X nayo niliielekeza nyuma, maana rangi ya serikali haitoki kwa msasa. Kwa hiyo mbele palisomeka KARIBUNI na nyayo za kuku, na nyuma X ilikaa kamili, mikono yote minne, kama siku ilipochorwa.

Upepo wa mchana ulipokuja, kibao kikageuka.

Nilirudi kutoka shuleni nikakuta mzee jirani amesimama getini, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa unyonge. "Poleni sana, mwalimu. Ni nyekundu?" Nikainua macho. Ilikuwa nyekundu. "Wenzetu wa kijani wana afadhali," akasema, akaondoka kabla sijapata neno. Nyumba yetu iko mbali kabisa na barabara kuu, lakini hilo halikumtuliza mtu. Tangu bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017 hakuna Mtanzania anayeiona X akacheka. Mtaa ulihitimisha kwamba inakuja barabara mpya, ya mchepuko, ya kupunguza magari ya watalii mjini. Jirani wa upande wa pili alihangaika na taa ya simu usiku kucha, na asubuhi tukaona miche ya kahawa imesimama mpakani, ikisubiri kuhesabiwa fidia.

Kijana wa mabati naye akaja. Alikuwa na adabu sana. Akapima paa kwa macho, akasema anajua ni wakati mgumu, lakini tukimpa ahadi mapema atatupa bei nzuri kuliko wale watakaokuja siku ya kubomoa. Akauliza na mbao za kenchi.

Hapo nikaona niokoe jambo. Nilikishusha kibao, nikaipaka X rangi nyeusi nzito, na juu yake nikaandika kwa nyeupe maneno yanayoonekana kwenye kuta nyingi nchini: NYUMBA HII HAIUZWI. Sasa upepo ugeuze upendavyo.

Nilichokuwa nimesahau ni nani huandika maneno hayo. Haandiki mtu mwenye amani na nyumba yake. Huandika mtu ambaye ndugu yake anaiuza kwa siri, au benki imeanza kumtembelea. Kabla ya jua kuzama kaka yangu alipiga simu kutoka Babati: "Mdogo wangu, nani anauza nyumba?" Nikamweleza habari ya oili chafu, bungua na kuku. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kama nina mkopo nisimfiche. Keshokutwa yake basi la Mbulu likamshusha baba mdogo na wazee wengine wawili, na mfuko wa karatasi za zamani za shamba la babu.

Kikao kilidumu hadi usiku. Jogoo akachinjwa, na si yule ambaye ningemchagua. Walipoelewa kwamba hakuna ugomvi, wale wazee wawili waliondoka asubuhi, kwa kuchukia kidogo. Baba mdogo alibaki. Alikaa chini ya kibao akakitazama pande zote mbili, akauliza ile michoro midogo ya miguu mitatu ni nini, nami kwa furaha nikaanza tena Laetoli, mavi ya tembo na yote. Hakunikatiza.

"Nitengenezee na mimi," akasema. "Andika MBWA MKALI."

"Baba mdogo, wewe huna mbwa."

"Ndiyo maana nataka kibao. Na rangi ikiwa mbichi, mpitishe mbwa juu yake, wezi waone nyayo."

Mbao zimebaki za kutosha, na oili chafu ipo. Mbwa pekee wa hapa jirani ni wa yule aliyepanda kahawa mpakani, na hatusemeshani tangu alipojua barabara haiji.