Sifa za Kiti Kitupu

Katika chumba chochote cha habari siku hizi kuna mfanyakazi mmoja asiyelalamika. Hachelewi, hadai nauli, haugui siku ya uchaguzi, na mhasibu akipita hamsumbui kwa maswali ya malimbikizo. Ni kiti kitupu. Mhariri amepewa ngao, mpigapicha amepewa cheti, hata dereva ametajwa kwenye hafla ya mwisho wa mwaka. Kiti hiki peke yake hakijawahi kupigiwa makofi, ingawa ndicho kinachozaliana kazini huku wenzake wakipungua.

Ukoo wake ni mkubwa na una tarehe zake. Juni 2016 Nation Media Group ya Nairobi ilitangaza kuzifunga redio za QFM na Nation FM pamoja na runinga ya QTV, viti vikazaliwa kwa mkupuo. Mwaka 2020, korona ilipokausha matangazo ya biashara, vikazaliwa vingine katika kampuni hiyo hiyo na kwa jirani zao wa Standard Group. Mwaka 2021 ulipoanza ikawa zamu ya Dar es Salaam: New Habari, nyumba ya Mtanzania, Rai, Bingwa na Dimba, ikasimamisha uchapaji. Heshima ya kitaifa ilifuata Januari 2023, Serikali ya Tanzania ilipounda kamati ya kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari chini ya Tido Mhando, mtangazaji mkongwe aliyewahi kuiongoza TBC. Si fanicha nyingi zilizowahi kuundiwa kamati.

Sifa yake ya kwanza ni ualimu. Zamani habari moja ilikuwa na walezi wengi: ripota aliikusanya, mpigapicha akaitafutia sura, mhariri wa dawati akaipunguza maneno, msoma prufu akaisaka makosa, msanifu wa kurasa akaipatia mahali pa kukaa. Kiti kitupu kimekomesha utegemezi huo. Aliyebaki anaandika, anapiga picha, anarekodi video na kuihariri kwenye simu, anasoma prufu yake kwa macho yale yale yaliyokosea, kisha anairusha Facebook na Instagram kabla mhariri hajauliza, "Vipi, ya mtandaoni tayari?" Chuo gani kingemfundisha stadi zote hizo bila ada, tena kwa mshahara ule ule ili asije akavimba kichwa?

Chicago walilielewa hili mapema. Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote 28 wa kuajiriwa, akiwamo John H. White aliyeshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1982. Waandishi waliobaki wakapewa mafunzo ya kupiga picha kwa iPhone.

Kwa Tanzania, wanafunzi hodari wa kiti wako mikoani. Wengi wao hawana mkataba wala mshahara. Wanalipwa kwa stori iliyotoka. Isiyotoka haina bei, hata kama imekula nauli, bando na siku nzima juani. Mwandishi aliyeko Songea anauhudumia mkoa wenye wilaya 5, kuanzia Ziwa Nyasa hadi mpakani na Mtwara. Asubuhi moja anaweza kutakiwa mahakamani Songea, kwenye mashamba yaliyovamiwa na tembo Tunduru, na kwenye mtumbwi uliozama Mbamba Bay. Kiti hakimlazimishi kuchagua. Kinamwachia hekima ya kupiga simu tatu.

Kingerikiti ndiko kipaji cha kiti kinakong'aa. Kata hii ya wakulima wa kahawa imekaa vilimani katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Kutoka Songea hadi Mbinga mjini ni kama kilomita 100, kisha barabara kuu inateremka kuelekea Mbamba Bay, kilomita 66 hivi. Barabara hiyo imeshawekwa lami, kwa hiyo kisingizio cha magari kukwama kwenye matope masika yote kimepoteza nguvu. Kilichobaki ni nani apande gari, nani amlipie, na nani abaki kuandika habari za Baraza la Madiwani. Maswali matatu, na kiti kinayajibu yote kwa ukimya mmoja.

Watu wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa hawawezi kusema hawajaonja utamu wa kukosa mleta habari. Agosti 1914 pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba Ujerumani na Uingereza zimeingia vitani. Rafiki yake wa upande wa Waingereza, Rhoades, habari alikuwa nayo. Akaja na meli ya Gwendolen, akafyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alimwendea kwa mtumbwi akifoka, akitaka kujua kama mwenzake amelewa. Akaelezwa yanayoendelea duniani, na hapo hapo akawa mateka. Gazeti la The Times la London likautangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Wenye roho nyeusi watasema huo ni mfano wa upashaji habari uliolala. Msifu wa kiti ataona vingine: pasipo mwandishi, Berndt alipata siku kadhaa za amani ambazo Ulaya nzima ilizikosa.

Sifa ya pili ni ubunifu, nayo inaturudisha Chicago. Mapema mwaka 2025 Sun-Times lile lile lilipoteza asilimia 20 ya wafanyakazi wake, waliokubali kulipwa ili waondoke. Mei likatoa toleo la nyongeza lililonunuliwa nje, ndani yake ikiwamo orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi. Mwandishi mmoja wa kujitegemea aliiandaa kwa msaada wa akili mnemba, na kutoka kwake hadi mtamboni hakuna aliyeuliza swali. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwapo duniani. Isabel Allende alijikuta ametunga riwaya ambayo hajaitunga. Mhakiki wa kuajiriwa, mwenye mshahara na bima ya afya, asingeweza kuiongezea fasihi vitabu 10 kwa siku moja, angevifuta.

Ila sifa iliyo kubwa kuliko zote ni ukarimu. Kiti hiki humkaribisha yeyote, na nchini mwetu mgeni wake wa kudumu ni taarifa kwa vyombo vya habari. Halmashauri ina ofisa habari. Ana kamera, ana nafasi kwenye gari la msafara, ana mshahara wa mwisho wa mwezi, na anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kiongozi akikagua zahanati asubuhi, mchana habari imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la waandishi, ikiwa imenyooshwa, ina picha nne na nukuu ndefu ya pongezi. Ripota anayedaiwa stori tano kabla ya saa kumi ataikataa kwa kiburi gani? Inatoka kama ilivyoingia. Gazeti likiona haya kidogo, huweka juu yake "Na Mwandishi Wetu", na wasomaji hawaambiwi kwamba aliyeandikwa ndiye aliyeandika.

Taarifa hizo si lazima ziwe na uongo. Za msimu wa kahawa zina tani zilizokusanywa, jina la mgeni rasmi na wito kwa wakulima waongeze uzalishaji. Yasiyomo ni yale yanayopatikana kwa kukaa kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mpaka jua lizame. Msimu wa 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima ipitie vyama vya ushirika, na moja ya shabaha ilikuwa kuwakata mkono wanunuzi wa magoma, wale wanaomkopesha mkulima fedha wakati wa njaa kisha wakaja kuchukua kahawa yake kwa bei ya kutupa. Je, magoma yamekwisha vilimani, au yamehamia usiku? Mizani inasoma sawa? Fedha za mnada zimechukua muda gani kumfikia mwenye shamba, na makato yaliyopita katikati ni ya nani? Maswali ya namna hii hayana mgeni rasmi. Yanataka mtu alale Kingerikiti, asikilize kijiweni, aombe daftari la chama, kisha wiki inayofuata arudi kuuliza upande wa pili.

Msimu utakapofika, dawati la Dar es Salaam litapiga simu Songea kuulizia kahawa. Songea atapiga Mbinga. Mbinga hana nauli ya kupanda Kingerikiti, kwa hiyo atampigia ofisa habari, ambaye bila shaka atakuwa na taarifa tayari, pamoja na picha nne.