Nanga Moja, Manahodha Arobaini

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 69,000, na katika maji yote hayo mwenye mashua hapati mshauri hata mmoja. Injini itamzimikia, mvua itamnyeshea, mawimbi yatamrusha huku na kule, na hakuna atakayemwambia neno. Lakini akikaribia mwalo wa kisiwa chochote cha Ukerewe, zikiwa zimebaki mita thelathini tu, ghafla anapata washauri wa kutosha kuundiwa wizara. Muuza vitumbua anamwambia akate kulia. Mwenye bodaboda, ambaye ana haraka ya abiria, anamwambia akate kushoto. Mtoto anayeoga anamwamuru arudi nyuma. Mzee aliyekaa chini ya mwembe hasemi kitu. Anatikisa kichwa tu, kuonyesha kwamba zamani watu walijua kazi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, ila hawakutuambia kwamba wengi wa manahodha hao huwa wamesimama nchi kavu. Mimi nadai hivi: vituko vingi vya gatini, kuanzia simu zinazotumbukia majini hadi mashua zinazoondoka zenyewe usiku, ziwa halihusiki navyo. Vinatokana na imani yetu kwamba safari imekwisha pale tu nchi kavu inapoonekana. Safari huisha kamba ikishafungwa, na kati ya kuona na kufunga ndipo kazi yote ya unahodha ilipo.

Tuanze na abiria, maana wao ndio wa kwanza kuamini kwamba wamefika. Chombo kikipunguza mwendo, wote husimama kwa pamoja, kama wanavyosimama kwenye daladala inayokaribia stendi ya Buzuruga. Tofauti ni kwamba daladala ina breki. Mashua haina, nahodha ana gia ya kurudi nyuma na dua. Wakisimama, uzito unapanda juu. Wakisogea upande wa gati ili kila mmoja awe wa kwanza kushuka, chombo kinainama upande huo huo. Hapo hatakosekana bwana mmoja mwenye begi mkono wa kulia na simu sikioni, anayemwambia mtu wa upande wa pili, “Nimeshafika.” Mguu wa kushoto ameuweka gatini, wa kulia bado uko chomboni, na mashua, kwa kuwa haijafungwa, inaanza kurudi nyuma taratibu bila kumuuliza. Bwana huyu anaweza kuokoa begi, simu au suruali yake. Vyote vitatu havijawahi kuokolewa kwa pamoja.

Hapa kicheko kisimame kidogo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka mita chache kabla ya gati la Bwisya kisiwani Ukara, ikiwa imebeba watu kupita mno uwezo wake wa abiria 101, na waliokufa walizidi 200. Kivuko hicho hakikupindukia katikati ya ziwa penye giza na mawimbi. Kilipinduka mchana, wenyeji wakikiona. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kubaki umeketi mpaka kamba ifungwe ni woga wa watu wa bara, ajue kwamba ziwa hili limekwisha kutoa jibu lake, tena mara mbili.

Sasa tuje kwenye kamba. Kijana wa mbele anairusha gatini kwa madaha. Mara ya kwanza inaangukia majini, na wizara ya nchi kavu inatoa maoni. Mara ya pili inadakwa, na watu sita wanaivuta kwa nguvu zao zote. Inakuja kirahisi mno, kwa sababu ule upande mwingine hakuna aliyekumbuka kuufunga kwenye mashua. Sasa gati lina kamba nzuri kabisa, na mashua ina upepo. Anayesema kwamba wale sita walikuwa wanasaidia asema kweli, na wala siupingi wema wa watu wa visiwani, ambao humpokea mgeni mizigo kabla hajasalimia. Ninachosema ni kwamba wema wa gatini unahitaji msemaji mmoja, na msemaji huyo ni yule aliyeshika usukani, hata kama ni kijana na ndevu hazijamtoka.

Nanga nayo ina mkosi wa kuaminiwa kwa uzito. Wengi wanadhani kazi yake ni kuwa nzito, ndiyo maana utakuta mashua imefungiwa jiwe, gunia la mchanga, au chuma cha gari kilichostaafu. Kumbe nanga hushika kwa kulala. Kamba ikiwa ndefu, nanga inavutwa kwa ubavu na makucha yanazama kwenye tope. Kamba ikiwa fupi, nanga inavutwa kwenda juu na kung'oka. Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Maji yakiwa na kina cha mita 3, na pua ya mashua ikiwa mita 1 juu ya maji, jumla ni mita 4. Kwa hali tulivu unataka kamba mara tano ya hapo, yaani mita 20. Kwa kulala usiku au kukichafuka, mara saba, yaani mita 28. Ukiongeza mita chache za mnyororo karibu na nanga, bora zaidi. Mwenye mashua wetu ana mita 10, kwa sababu zile nyingine zimefungia mbuzi. Usiku mashua inaanza kutalii, na mbuzi yupo palepale, ametulia.

Watakuja watu waniambie kwamba ziwa si bahari: halina maji kupwa wala kujaa, basi chombo ukikifunga kimefungika. Hoja hii ni nzuri kwa nusu yake ya kwanza. Kweli maji ya ziwa hayapandi na kushuka mara mbili kwa siku, lakini upepo wake una zamu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani na kuibana mashua kwenye mchanga, mwenyewe akaiona imetulia akaenda kula ugali na sato. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unageuka na kuvuma kuelekea ziwani. Pepo hizo za usiku zikikutana katikati ya maji ndizo zinazosaidia kuzaa radi na dhoruba za alfajiri. Asubuhi mwenye mashua anatangaza kuibiwa, na vijana watatu wanashukiwa bure, ilhali mwizi ni hali ya hewa. Na hata kina chenyewe hubadilika, ila kwa miaka: mwaka 2020 maji yalipanda kupita hata yale ya 1964, yakameza mialo na kuingia majumbani mwa watu. Mti uliofungia kamba mwaka jana unaweza kuwa makazi ya furu mwaka huu.

Mwanza pia tuna kisa chetu wenyewe, nacho ni mawe. Mji unaoitwa Jiji la Miamba haukuishia ufukweni. Jiwe la Bismarck linaonekana kwa sababu limesimama. Ndugu zake waliolala chini ya maji, kuelekea kisiwa cha Saanane na kwingineko, hawaonekani. Nanga ikiingia kwenye ufa wa granaiti inashika vizuri mno, kiasi kwamba asubuhi haikubali kuondoka. Dawa yake ni rahisi: funga kamba nyembamba kwenye kitako cha nanga, mwisho wake weka dumu tupu lielee juu. Ikikwama, ivute kwa nyuma. Dumu tupu hugharimu kidogo kuliko nanga, na nanga hugharimu kidogo kuliko injini. Kwa hiyo anayelia kwamba kamba ni ghali anapiga hesabu kuanzia mkiani.

Wapo pia wanaodhani fujo hii ni yetu peke yetu, na kwamba wenye mashua za kifahari wa Ulaya hufunga vyombo vyao kimyakimya. Nenda Hydra, kisiwa kidogo cha Ugiriki. Bandari yake ni finyu, basi kila mashua hutupa nanga mbele kisha inarudi kinyumenyume hadi gatini. Minyororo inapandana chini ya maji, na asubuhi anayewahi kuondoka huinua nanga yake pamoja na za majirani, ambao bado wanakunywa kahawa. Taifa lililosafiri baharini kwa maelfu ya miaka bado linagombana gatini. Kinachotushinda sote ni kile kile: mtu akiona kahawa, au sato wa kukaanga, akili yake hushuka kabla ya miguu.

Basi wewe abiria, ukiiona bandari ya Nansio, kaa chini na ushike mtoto na boya lako mpaka uambiwe ushuke. Wewe uliye gatini, ukirushiwa kamba, ifunge unapoelekezwa, na ushauri wako uuweke mpaka chombo kitulie. Na wewe mwenye mashua, kabla hujang'oa nanga, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, pima kina, kisha nunua kamba ya kutosha. Mbuzi mnunulie ya kwake.